Kinasa sauti cha zamani kwenye mnada wa mtandaoni: ununue kwa mwenye nyumba, kwa mfanyabiashara wa mitumba au kwa fundi?

Katika makabati ya parokia, ya kwaya, ya vituo vya redio na ya familia nyingi za Lubumbashi bado kuna bobini za utepe zisizo na mashine ya kuzisikilizia, na katika studio ndogo za mitaa ya jiji hilo ya Kenya, Katuba na Kamalondo wapo vijana wanaotaka kurekodi gitaa kwa utepe kwa sababu wamechoshwa na sauti inayofanana kutoka kila kompyuta. Wote hao huishia mahali pamoja, yaani kwenye minada ya mtandaoni kama eBay, ambako vinasa sauti vya Revox, Uher, Nagra, Tascam na Akai huuzwa na watu wa Ujerumani, Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Vifaa hivyo vina umri wa miaka 40, 50 au zaidi, na mnunuzi wa Lubumbashi hawezi kuvigusa kabla ya kulipa.

Anayetafuta ushauri huanza kwa kuuliza kuhusu mashine: achukue Revox B77 au Uher Report, Nagra au Portastudio? Swali hilo ni la haki, ila kwa maoni yangu linaulizwa mapema mno. Revox B77 mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja zilikuwa pacha. Leo moja inaweza kuwa imekaa sebuleni chini ya kifuniko chake tangu inunuliwe, na nyingine imepitia ghala lenye unyevu, safari za lori, na watu waliojaribu kuifungua kwa bisibisi isiyo saizi yake. Katika picha za tangazo zitafanana. Anayejua tofauti yao, au anayepaswa kuijua, ni muuzaji. Ndiyo maana hapa nawalinganisha wauzaji, na mashine zinakuja kama mifano.

Wauzaji hao ni wa aina tatu. Wa kwanza ni mwenye nyumba, mtu binafsi anayeuza kinasa sauti chake au alichokirithi. Wa pili ni mfanyabiashara wa mitumba, anayenunua vyombo vya nyumba nzima baada ya msiba au uhamisho, kisha akaviuza kimoja kimoja bila kuwa mtaalamu wa sauti. Wa tatu ni fundi, anayenunua mashine mbovu, akazitengeneza na kuziuza tena. Wapo pia wanaouza mali za studio na redio zilizofungwa, lakini hao huangukia upande wa pili au wa tatu, kutegemea kama wana meza ya ufundi au hawana.

Nitawapima kwa mambo matano yaleyale: wanachokijua na kukisema kuhusu hali ya kifaa, umeme na vipuri, gharama hadi mlangoni Lubumbashi, ufungaji wa mzigo, na haki ya mnunuzi mambo yakiharibika.

Hali ya kifaa

Mwenye nyumba kwa kawaida hadanganyi; hajui tu. Anapoandika kwamba kinasa sauti kinafanya kazi, mara nyingi maana yake ni kwamba taa iliwaka na bobini zikazunguka. Hajarekodi chochote, na pengine hana hata utepe wa kujaribia. Uzuri wake ni kwamba mashine yake mara nyingi haijachezewa. Skrubu hazina makovu, kitabu cha maelekezo kipo, na maikrofoni ya asili, bobini tupu na vishikio vya bobini kubwa vimo ndani ya boksi lilelile. Vitu hivyo vikinunuliwa kimoja kimoja baadaye vinauma mfuko. Isitoshe, ana mashine moja tu ya kuuza, kwa hiyo ukimwandikia kwa adabu huwa anajibu, na wengine hufurahi kusikia kwamba kifaa cha marehemu baba yao kitaendelea kutumika.

Mwombe video moja isiyokatwa. Aweke utepe, aukimbize mbele, aurudishe, asimamishe ghafla, kisha asikilize. Mishale yote miwili ya vipimo vya sauti inapaswa kucheza. Utepe unapaswa kusimama bila kulegea. Ukitoa kitanzi hewani, breki zimechoka au zimeharibika. Baada ya hapo mwombe picha ya karibu ya vichwa, vile vipande vya chuma ambavyo utepe hupita juu yake. Juu ya kichwa kilichotumika utaona mstari wenye upana wa utepe, milimita 6.3, unaong'aa tofauti na chuma cha pembeni. Mstari wa juujuu ni wa kawaida. Ukiwa ni mtaro ambao ukucha unaweza kukwama kwenye kingo zake, kichwa kinahitaji kusawazishwa au kubadilishwa, na hiyo si kazi ya jioni moja wala sehemu ya bei ndogo.

Mfanyabiashara wa mitumba huandika machache: *vendu en l'état* (kinauzwa kilivyo), *pour pièces* (cha vipuri), *non testé*, au kwa Kijerumani *ungeprüft* (hakijajaribiwa). Nakiri kwamba sina imani kubwa na tamko la kwamba kifaa hakijajaribiwa, likitoka kwa mtu mwenye ghala lenye soketi za umeme kila ukuta. Mara nyingi kilichomekwa, hakikuridhisha, na maneno hayo yakachaguliwa kwa uangalifu. Hata hivyo si haki kumwita mdanganyifu, kwa sababu amekuambia usitegemee kitu, na bei imeshuka kulingana na maneno hayo. Upande wake mzuri ni picha: huwa nyingi, zenye mwanga, za pande zote, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Mnunuzi mwenye jicho la ufundi anaweza kujifunza mengi kutokana na picha hizo kuliko kutokana na aya tatu za mwenye nyumba anayesimulia jinsi baba yake alivyopenda muziki wa jazi. Kwa vinasa sauti vya kubeba, kama Uher na Nagra, tazama kwanza chumba cha betri: ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya kugusia unamaanisha betri ziliachwa humo zikavuja, na asidi au chumvi yake huenda imekwisha kufika kwenye nyaya.

Fundi ndiye pekee anayeweza kukujibu swali la kitaalamu, na kwa hiyo ndiye anayepaswa kuulizwa maswali magumu zaidi. Neno *révisé*, yaani iliyohudumiwa, halina kipimo chochote. Kwa mmoja lina maana ya kufuta vumbi na kupaka mafuta, na kwa mwingine lina maana ya siku kadhaa za kazi. Muulize alibadilisha kondensa zipi, kigurudumu cha mpira kinachobana utepe ni kipya au cha zamani, na mashine ilirekebishwa kwa utepe wa aina gani. Katika Revox A77, iliyotoka mwaka 1967, na katika B77 iliyoifuata mwaka 1977, kuna kondensa za karatasi za kampuni ya Rifa ambazo ganda lake hupasuka kwa uzee, huingiza unyevu, na siku moja mashine ikiwa imechomekwa hulipuka kwa moshi wenye harufu mbaya isiyotoka chumbani upesi. Fundi anayeijua Revox hatakuambia ameihudumia bila kuzitaja. Asiyeweza kusema alitumia utepe gani kurekebishia, mimi namhesabu kuwa amesafisha tu, na bei yake iwe ya mashine iliyosafishwa.

Umeme na vipuri

Umeme wetu ni wa volti 220 na hezi 50, sawa na wa Ulaya kwa matumizi yetu, lakini wa Marekani ni wa volti 120 hivi na hezi 60. Wengi hudhani kwamba transfoma inamaliza tatizo. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Vinasa sauti vingi vya zamani vina mota inayozunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wenyewe, na mota ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye hezi 50 huenda kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Wimbo hushuka zaidi ya nusu-toni tatu, na soprano wa kwaya anasikika kama kaka yake. Baadhi ya mashine zina puli ya kubadilisha kwa ajili hiyo, nyingine hazina. Revox A77 na B77 hazina shida hiyo, kwa sababu mwendo wa mota yao unasimamiwa na saketi ya ndani, na volti huchaguliwa kwa swichi iliyo nyuma. Uher Report inatumia betri kubwa tano na Nagra inatumia kumi na mbili, na katika mtaa ambao SNEL, shirika letu la umeme, hukata umeme kila jioni, jambo hilo si dogo.

Kwa kigezo hiki tofauti kati ya wauzaji ni rahisi kueleza. Mwenye nyumba wa Liège au wa Cologne ana kifaa kilichokuwa kikichomekwa kwenye umeme kama wetu, lakini hajui kusoma kibandiko cha nyuma. Mwombe akipige picha ukisome mwenyewe. Mfanyabiashara wa mitumba anaweza kuwa na kitu kilichotoka popote, na picha ya kibandiko ni ya lazima kabla ya kuweka dau. Fundi anajua, na zaidi ya hapo ana droo ya vipuri. Hapo ndipo anapostahili bei yake kwa mnunuzi wa mbali: mwombe aweke katika boksi kigurudumu cha mpira cha akiba, fyuzi na mikanda. Mikanda ya mpira ya vinasa sauti vya kaseti huyeyuka kwa uzee ikawa lami nyeusi inayoshika vidole, na safari ya pili ya kuleta mkanda wenye uzito wa gramu chache inaweza kugharimu mara nyingi kuliko mkanda wenyewe.

Mafundi redio wa Lubumbashi hawashindwi kubadilisha kondensa wala mkanda. Kinachokosekana kwa kawaida ni utepe wa kipimo wa kurekebishia mashine, ambao ni ghali na haukopeshwi. Kwa hiyo mashine iliyorekebishwa vizuri kabla ya kuondoka Ulaya inakuja na kitu ambacho hapa ni vigumu kukirudisha kikipotea. Stabilaiza, bila shaka, inunuliwe kabla ya mashine kufika.

Gharama hadi Lubumbashi

Bei ya mnada ni mwanzo tu wa hesabu. Revox B77 ina uzito wa kilo 17 hivi, na mtu hupiga hesabu ya usafiri wa ndege kwa kilo hizo. Kampuni za usafirishaji hazihesabu hivyo. Boksi lililofungwa vizuri linaweza kuwa na sentimita 60 kwa 55 kwa 40. Zidisha, upate 132,000, kisha ugawanye kwa 6,000 au kwa 5,000 kulingana na kampuni. Utalipishwa kilo 22 katika hesabu ya kwanza, au kilo 26.4 katika ya pili, hata kama mizani inasema kumi na kitu. Kisha forodha huchukua bei ya kifaa, ikaongeza usafiri na bima, na juu ya jumla hiyo ndipo ushuru huhesabiwa, kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Kuna pia malipo ya OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na ya wakala anayetoa mzigo, iwe umetua uwanja wa ndege wa Luano au umeingia kwa barabara kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Omba makadirio ya wakala kwa maandishi kabla ya mnada kufungwa, si baada.

Hesabu hiyo inageuza ulinganisho wa bei. Usafiri na malipo ya mpakani ni karibu yaleyale, mashine iwe nzima au mbovu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mashine ya mfanyabiashara ni euro 200, ya mwenye nyumba ni 350 na ya fundi ni 800, na kila moja inahitaji 400 kufika hapa. Ya kwanza ilionekana kuwa robo ya bei ya fundi. Ikifika imekuwa nusu, na bado haijatengenezwa. Ndiyo maana kwa mashine nzito upande wa fundi hupata nguvu usiyoiona ukitazama bei za mnada peke yake, na kwa mashine nyepesi upande wa mwenye nyumba hupata nguvu. Uher Report yenye uzito wa kilo tatu hivi inaweza kusafiri katika sanduku la ndugu anayekuja likizo, na hapo bei ya mnada inakaribia kuwa bei ya kweli.

Kuhusu mnada wenyewe, mwenye nyumba ndiye anayetoa nafasi nzuri zaidi ya bei. Huandika jina la mashine kwa makosa, huiweka katika kundi lisilo lake, hufunga mnada saa ambayo watu wamelala. Mfanyabiashara hufanya makosa hayo kwa nadra, na fundi mara nyingi hapigi mnada kabisa, huweka bei moja. Popote ulipo, andika kiwango chako cha juu mara moja na kuelekea mwisho. Mfumo utapandisha dau lako kidogokidogo kadiri wengine wanavyopanda, na kubishana mapema kunapandisha bei bila faida.

Ufungaji

Hapa mwenye nyumba ndiye dhaifu kuliko wote. Hufunga Revox kwa blanketi moja ndani ya boksi la televisheni, na mashine inafika kona zake za plastiki zimevunjika. Mtumie maelekezo mafupi kwa Kifaransa kabla ya kulipa: bobini na vishikio vyake vitolewe, betri zitolewe, mashine ivishwe plastiki, iwekwe katika katoni mbili zenye sponji ngumu kati yake, na maikrofoni ifungwe peke yake. Mlipie gharama za vifaa hivyo kama anasita. Wafanyabiashara wengi hufunga vizuri kwa sababu hufunga kila siku, na fundi hufunga vizuri kwa sababu anajua kitakachovunjika.

Haki ya mnunuzi

Sehemu hii ndiyo mnunuzi wa Lubumbashi anayopaswa kuisoma mara mbili. Ulinzi wa mnunuzi wa eBay unakuruhusu kudai fedha zako ndani ya siku 30 baada ya mzigo kufikishwa, ikiwa kifaa si kile kilichoelezwa. Lakini ulinzi huo haufuati mzigo uliotumwa tena kwenye anwani nyingine baada ya kufikishwa mara ya kwanza. Ukitumia anwani ya wakala wa Brussels au wa Paris, naye akapeleka boksi Lubumbashi bila kulifungua, haki yako imekwisha siku aliyolipokea, hata kama wewe utaliona baada ya wiki sita.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakayefungua boksi Ulaya. Binamu wa Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, anayechomeka, kurekodi dakika tano, kusikiliza na kukutumia video ana thamani kuliko punguzo lolote. Binamu huyo akiwa ndiye mnunuzi, anapata pia haki nyingine: katika nchi za Umoja wa Ulaya, mfanyabiashara anayemuuzia mlaji kwa mbali anapaswa kumpa siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, ingawa gharama ya kurudisha mzigo kwa kawaida ni ya mnunuzi. Mtu binafsi hana wajibu huo. Hapa ulinganisho unapinduka. Mfanyabiashara wa mitumba aliyeonekana mkavu katika maelezo yake anaweza kutoa njia ya kurudi ambayo mwenye nyumba mwema hana, mradi amejisajili kama mfanyabiashara. Hilo huonekana katika wasifu wake, na linafaa kuangaliwa kabla ya asilimia ya maoni mazuri. Ila kama tangazo lilisema kifaa ni kibovu na cha vipuri, usitarajie kudai kwamba hakifanyi kazi.

Fundi huongeza dhamana yake mwenyewe, ya miezi kadhaa. Kwa mkazi wa Brussels ni jambo kubwa. Kwa mkazi wa Lubumbashi dhamana inayodai mashine ya kilo 17 irudishwe Ujerumani ni karatasi tu, isipokuwa umwombe abadilishe masharti: badala ya kurudisha mashine, akutumie kipuri na amwongoze fundi wako kwa simu. Wapo wanaokubali, na jibu lao kwa ombi hilo linakuonyesha mengi kuhusu watu unaoshughulika nao.

Nani amchague nani

Parokia, redio au familia yenye bobini za kuokoa ianze kabatini, si mnadani. Pima kipenyo cha bobini, kama ni sentimita 13, 18 au 26.5, na usome mwendo ulioandikwa kwenye maboksi: sentimita 9.5, 19 au 38 kwa sekunde. B77 za kawaida zina 9.5 na 19, na zipo nyingine zenye 19 na 38. Angalia pia mgawanyo wa nyimbo juu ya utepe, yaani njia za sauti zinazokwenda sambamba juu yake, maana utepe wa nyimbo nne uliorekodiwa pande zote mbili ukisomwa na kichwa cha nyimbo mbili, utasikia upande wa pili ukiimba kinyumenyume chini ya ule wa kwanza. Utepe wa namna hii hauwezi kurekodiwa upya ukiharibika, kwa hiyo mashine isiyojulikana hali yake isiupitie. Hapa fundi anastahili bei yake, na kama fedha haitoshi ni afadhali kungoja au kuchangishana na parokia ya jirani. Kama kabatini mna utepe wa Ampex 456 wa miaka ya 1970 au 1980, usiuchezeshe kwanza kwenye mashine yoyote. Gundi yake hunyonya unyevu ikanata kwenye vichwa, na huhitaji kukaushwa kwa joto la kadiri na mtu anayeijua kazi hiyo.

Mwanamuziki anayetaka sauti ya utepe ana uhuru zaidi. Mwenda Jean Bosco aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, ilikuwa sauti na gitaa kwa pamoja, bila nyimbo kupandishwa moja juu ya nyingine. Kwa kazi kama hiyo mashine ya nyimbo mbili inatosha, na mwenye nyumba anayejibu ujumbe na kutuma video ni chaguo zuri, hasa ndugu wa Ulaya akiwa tayari kuijaribu. Anayetaka kujenga wimbo kipande kwa kipande atafute Tascam Portastudio, aina iliyoanza na 144 ya mwaka 1979, inayonasa nyimbo nne kwenye kaseti ya kawaida. Ajue tu kwamba 144 hukimbiza kaseti mara mbili ya mwendo wa kawaida na hutumia upande mmoja, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inampa dakika 15. Mashine hizo ni nyepesi kuliko Revox, na mikanda yake hudai kubadilishwa karibu kila mara. Mwenye nyumba au mfanyabiashara aliyesajiliwa, yeyote kati yao anafaa, mradi bei ihesabiwe pamoja na mkanda mpya.

Mtafiti au mwandishi wa habari anayependa kifaa cha kubeba atazame Uher kwa mwenye nyumba. Nagra ni suala jingine: mashine za Stefan Kudelski zilitengenezwa Uswisi kwa uimara wa ajabu, na kwa sababu hiyo hiyo bei yake huvutia watu wanaouza mashine iliyochoka kwa jina peke yake. Kwa Nagra nenda kwa fundi anayeonyesha vipimo, au uiache.

Fundi wa Lubumbashi anayetafuta mashine za kuuzia wengine ndiye rafiki wa asili wa mfanyabiashara wa mitumba. B77 mbili mbovu kwa sababu tofauti zinaweza kuzaa moja nzima na rundo la vipuri, na kwa kusafirishwa pamoja katika mzigo mmoja wa barabara gharama hupungua. Mtu asiyeshika bisibisi asimfuate katika njia hiyo kwa kuvutiwa na bei.

Kwa asiye na ndugu Ulaya, minada ya Afrika Kusini, kama Bob Shop iliyojulikana zamani kwa jina la Bidorbuy, ina vifaa vichache zaidi, lakini umeme wa huko ni wa hezi 50 kama wetu, na malori ya Johannesburg hupita Zambia hadi Kasumbalesa kila siku. Akilazimika kununua Ulaya, ampendelee fundi anayekubali kupiga simu ya video, aendeshe mashine mbele yake, aiweke ndani ya katoni na kuifunga simu ikiwa bado hewani. Malipo ya kufungua na kukagua yaandikwe pia katika mkataba wa wakala atakayeipokea, na ripoti ya ukaguzi huo imfikie kabla siku 14 hazijapita.